Akiba ya Mshono

Jandira alikuja kwanza mwezi wa Mei,
gauni la bibi yake mzaa mama limemlalia mkononi,
hariri iliyozeeka hadi rangi ya maziwa yaliyolala.
Nikamzungushia futi kiunoni: themanini na tisa.
Akaisoma namba kabla sijaitamka.
"Shona sabini," akasema.
"Harusi ni Julai. Nitafika."

Kibanda changu kiko Pelotas, mji wa vitamu.
Ukuta mmoja tu unanitenga na tanuri la Neiva,
na kuanzia saa kumi alfajiri vitambaa vyangu vyote
hunuka nazi, sukari na kiini cha yai.
Miaka thelathini na mmoja nashonea maharusi.
Futi yangu imefutika pale kati ya sitini na tisini,
ngazi ambayo wanawake hupanda na kushuka.

Mara ya pili: sabini na tisa.
"Siku kumi na nane!" akasema,
kama mtoto anayeonyesha pengo.
Supu ya kabichi asubuhi, supu ya kabichi usiku,
na matone kutoka kichupa kisicho na lebo
aliyouziwa na mwanamke wa kwenye simu, mwenye meno mengi,
anayeapa kwamba mafuta huyeyuka usingizini.
Nikafumua, nikakunja, nikashona.
Nilikuwa nimeuma pini mdomoni;
ndiyo sababu niliyojipa ya kunyamaza.

Maana nami nilikuwa na la kusema.
Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili nilimeza vidonge vya njano,
nikakonda wiki sita, watu wakanisifu barabarani,
kisha kila kilo ikarudi
na nne zaidi, kama riba.
Sikulisema.

Mara ya tatu: sabini na tatu.
Hita inawaka, mikono yake barafu.
Pumzi yake ilinuka tufaha lililoanza kuoza.
Nikaokota unywele kwenye hariri,
wa pili, wa tano, nikaacha kuhesabu.
Neiva alipofungua tanuri
Jandira akaenda mwenyewe kufunga dirisha,
akabaki ameshika komeo
kana kwamba kuna mtu nje anayesukuma.

Mara ya nne sikupima.
Aliinua mikono nimvishe
akateleza chini taratibu, bila kishindo,
kama nguo inayotoka kwenye hanga.
Pini zikatawanyika sakafuni.
Mimi, mpumbavu, nilipiga magoti nikaanza kuzikusanya.

Hospitali walisema chumvi za damu zimekwisha,
na nyongo ina vijiwe,
na moyo, daktari alitafuta neno,
moyo unaruka.
Nikaelewa. Ni cherehani yenye sindano iliyopinda:
inakwenda, inakwenda, inaacha mshono wazi.

Evaldo alikuja kulichukua gauni.
Akakaa kwenye kiti cha wateja, koti limelowa.
"Sikumwomba apungue hata uzi," akasema.
"Lakini nilimsifu. Kila wiki nilimsifu."
Gauni nikabaki nalo.

Oktoba akarudi, nywele fupi kama kifaranga.
Nikaigeuza futi upande usio na namba,
nikatia alama ya chaki.
"Ngapi?" akauliza.
Nikamwambia vuta pumzi. Akavuta. "Basi hapo."

Hariri ilikuwepo yote.
Mara zote mbili nilikunja, sikukata;
mkasi wangu ulijua nilichoogopa kusema.
Nikaifumua ile akiba, gauni likafunguka
na kumpokea mwili wote.

Ila ukilisogeza kwenye mwanga
utaviona vitundu vya sindano, mistari miwili,
pasi haiviondoi.

Alipokuwa anaondoka Neiva alimpa kitamu cha nazi.
Akauma nusu, akatafuna muda mrefu akitazama barabara,
nusu nyingine akaifunga kwa karatasi, akaitia mkobani.
Sijui kama aliila.